Wodi ya Wazazi Kabatini

Mama mkwe wangu hana haraka na kiumbe aliyejificha. Amefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na minne, na ukimwuliza amezalisha wangapi atakujibu kwamba yeye hakuzalisha mtu. Wanawake walizaa wenyewe, yeye alikuwa hapo kuwakumbusha kupumua. Ni mfupi, mnene kidogo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na mikono ananawa mpaka viwikoni hata kama anakwenda tu kumenya kitunguu.

Alikuja kwetu kwa wiki mbili. Alikuwa ameteleza jikoni kwake, anakoishi peke yake, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana kuazima pasi. Hakuvunjika mfupa, lakini mke wangu tangu siku hiyo hakutulia. Alitaka mama yake abaki moja kwa moja.

"Mimi nikimwambia atasema namwonea huruma," aliniambia. "Mimi ni mwanaye, maneno yangu hayahesabiki. Anasubiri neno lako."

Neno langu! Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kompresa iliyokufa naweza kuizungumzisha kutwa nzima, lakini mbele ya mama mkwe ulimi wangu unakuwa ubao. Nilikuwa naanza vizuri: "Mama, nilikuwa nataka kusema..." Anaweka kikombe chini, ananitazama, na mimi namalizia: "...kwamba maji ya kuoga yameshapata moto." Wiki ile ya kwanza mama wa watu alioga mara tatu kwa siku kwa ajili ya adabu yangu.

Sasa nisimulie habari ya tangi. Sebuleni kwetu kuna tangi la kioo, refu kama sofa, lina maji ya chumvi, matumbawe, konokono na samaki watano. Nimelijenga kwa mikono yangu, na mashine ya kupoza maji yake nimeiunda kwa vipuri vya friji lililotupwa. Mke wangu analiita mke mwenzake. Siku chache kabla mama hajafika nilikuwa nimeongeza jiwe jipya lenye matumbawe machanga. Mawe ya namna hiyo yana matundu, na ndani ya matundu huja abiria wasiokata tiketi.

Kwanza niliokota ganda la konokono likiwa tupu. Kesho yake mengine mawili. Halafu asubuhi moja nikakuta tawi la tumbawe langu la zambarau, nililolilea miaka minne tangu lilipokuwa kama kidole gumba, limekatwa na kulala mchangani. Nikamulika tochi kwenye tundu la lile jiwe. Miguu yenye manyoya, magando meusi nchani, macho mawili yananitazama bila haya. Kaa.

Nilimtukana matusi ya gereji, nikiwa nimesahau kabisa kwamba mama mkwe yuko nyuma yangu anakunja nguo.

"Amefanya nini huyo?" akauliza.

"Shikamoo mama," nikasema kwa kubabaika, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba ya pili. Amefanya nini?"

Nikamweleza. Kisha nikamwonyesha ufundi wangu: nikamchokoa kaa kwa waya, akazama ndani zaidi. Nikampulizia maji ya soda kwa bomba la sindano, akatoa gando moja, akaliona jua, akarudi. Samaki wote walikuwa wamejibanza pembeni. Mama mkwe alitazama, mikono kifuani, mpaka akachoka.

"Baba, unamsukuma wakati hajawa tayari," akasema. "Lete shuka, la rangi nzito."

Saa nne asubuhi, jua linawaka, tukalifunika tangi lote ili kaa adhani usiku umeingia. Mtego niliujua: glasi ya kunywea imelazwa mshazari kwenye jiwe, ndani yake kipande cha nyama ya kamba wa baharini kiasi cha punje ya haragwe, kaa anashuka kula, kisha kioo kinateleza hawezi kupanda. Subira ndiyo sikuwa nayo. Mama alileta viti viwili, tukakaa mbele ya shuka kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Dakika arobaini. Katika ule ukimya nikapata ujasiri.

"Mama, nilikuwa nataka kusema..."

"Shii!" Akainua kidole. "Ameingia. Sikia anavyogonga kioo."

Kweli alikuwa ndani. Nikaitoa glasi na safari yangu ilikuwa moja tu, chooni, navuta maji, kwaheri ya kuonana. Mama akavaa miwani.

"Simama hapo hapo." Akaichukua glasi, akaielekeza dirishani, akaizungusha taratibu. Chini ya tumbo la yule kaa palijaa vitu vidogo vya rangi ya chungwa, kama ulezi ulioshikana. "Huyu ana mimba."

"Mama, ameniulia konokono watatu."

"Mjamzito hula anachokitamani. Baba watoto yuko wapi?"

"Amekuja peke yake, mama. Ndani ya jiwe."

"Ndivyo walivyo. Siku ya kujifungua huwaoni." Akanirudishia glasi. "Miaka yote ile sijamfukuza mwanamke mlangoni akiwa na hali hii. Sitaanzia kwa mkwe wangu."

Chini ya tangi kuna kabati, na ndani ya kabati kuna tangi dogo ambamo maji huchujwa kabla ya pampu kuyarudisha juu. Huko hakuna konokono wala tumbawe la kuharibu. Tukampangisha huko, na mama akapaita wodi ya wazazi. Akaweka kigoda mbele ya mlango wa kabati na daftari la shule juu yake. "Saa tatu: amekula. Saa saba: anapepea mayai. Hali nzuri." Wiki mbili zikaisha, hakuna aliyezitaja.

"Nitaondoka huyu akishajifungua," alimwambia mke wangu, na mke wangu akaniletea taarifa hiyo chumbani kwa sauti ya chini. "Una mpaka mayai yapasuke. Yakipasuka hujasema, mama anarudi kwenye ile sakafu."

Nilianza kurudi nyumbani mapema. Nilijidai nakagua pampu, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kukuta taarifa. Mama alikuwa akinipa kigoda, yeye anakaa kwenye mto, tunamulika kabatini kwa tochi. Alinifundisha kuona mayai yakigeuka rangi, kutoka chungwa kwenda kahawia, kisha kijivu. Yeye ndiye aliyesikia pampu inakwaruza kabla yangu, mimi fundi, na hakukosea. Nilimpenda yule mama. Si heshima tu. Nilimpenda, na nilipokuwa juu ya dari za watu nilikuwa najikuta nacheka peke yangu kwa jambo alilosema jana yake.

Jioni moja kaa alikataa chakula kwa siku ya pili, na mama akawa hana raha. Tukakaa mbele ya kabati. Ghafla akasema, bila kunitazama:

"Siku ile jikoni, maumivu nilikuwa nayaweza. Kilichonishinda ni kuita. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayeitwa. Sikujua kuita ni kugumu namna ile."

Hapo ndipo mwanamume yeyote mwenye akili angefungua kinywa. Nilikifungua.

"Maji ya kuoga yako tayari, mama."

Akanipigapiga begani, akaenda kuoga. Ningeweza kujizaba kofi.

Siku ya siku, katika wiki ya tano, alasiri, nilikuwa juu ya paa la ofisi moja na kiyoyozi kimefumuliwa vipande. Simu ikalia. "Baba, njoo uzime pampu," akasema mama. "Ameanza." Nikamwambia mwenye ofisi kuna mtu anajifungua nyumbani, akanipa pongezi na mkono.

Nilifika, nikazima pampu isije ikawafyonza watoto. Kaa alikuwa amesimama kwa ncha za miguu, anatikisa tumbo, na kila akitikisa linatoka wingu. Katika mwanga wa tochi wingu lile lilikuwa hai, vumbi linaloruka. Mama alikuwa amepiga magoti, mikono imeoshwa mpaka viwikoni, haina la kufanya, anarudia tu: "Pumua, mama. Vizuri. Pumua."

Lilipotulia akaniuliza, "Watapona wangapi?"

Sikuweza kumdanganya mtu wa kazi ile. "Ndani ya tangi, hakuna, mama. Ni wadogo mno, hata chakula cha kuwalisha sina."

Akalimulika tena lile wingu. "Na mwenyewe?"

"Mzima kabisa."

"Basi mzazi ni mzima." Akafuta miwani, akafunga daftari. "Mimi nimemaliza. Kesho unipeleke stendi."

Asubuhi, wakati nanyoa ndevu, nilitunga hotuba yenye "kwa heshima" mbili na "taadhima" moja. Nilipotoka, mama alikuwa kwenye korido, amevaa viatu, begi mkononi. Jikoni mke wangu alikuwa anaosha kikombe kile kile tangu alfajiri. Mama akasema, "Haya, baba, twende." Hotuba ikayeyuka yote. Likatoka neno moja, kavu, kama la kumwambia mtoto anayesimama juu ya kiti:

"Mama, kaa!"

Begi likaanguka. Akainua mguu mmoja, akatazama sakafu. "Yuko wapi? Ametoka?" Alikuwa ameshainama kuchungulia chini ya kiti kilichokuwa ukutani. "Msisogee, mtamkanyaga mgonjwa wangu!"

Jikoni kikombe kikavunjika.

"Si yeye," nikasema. Sasa njia ilikuwa imefunguka. "Wewe, mama. Wewe ndiye ukae. Hapa kwetu, usiende. Si kwa sababu ulianguka, wala si kwa ajili ya mwanao. Mimi ndiye ninayetaka. Nikirudi kazini nataka nikukute."

Aliponyooka miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Uchungu wa siku tatu nimewahi kuuona," akasema. "Huu wako wa wiki tano, baba, ni wa kwanza."

Akakaa kwenye kile kiti na kunyoosha miguu, nami nikapiga magoti kumfungua viatu.