Mama mkwe anaenda kulilia kaburi la James, na James si babu yake

Admin, nifiche vizuri, huku Minnesota Wakenya tunajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Coon Rapids, kazi yangu ni kuangalia wazee kwa makao yao. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo mnivumilie nikikosea. Nimeolewa na mzungu, mtu mpole, dereva wa lori, na Mungu ametupa msichana mmoja ambaye sasa ameanza kusoma jina lake. Shida yangu si mume. Shida ni mama yake.

Sisi Wakikuyu mnajua tunavyopeana majina. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Kwa hivyo nilipozaa sikuuliza mtu, nilimwita mtoto Nora, jina la mama mkwe. Si jina lake la kweli, lakini tuseme hivyo. Nilidhani atalia kwa furaha, maana kwetu hakuna heshima inapita hiyo. Alikuja hospitalini, akasimama mlangoni na kofia ya baridi bado iko kichwani, akasema, "Mbona unarithisha jina la mtu akiwa bado anapumua? Ungeniuliza kwanza." Tangu hapo hajawahi kumwita mtoto wangu Nora. Humwita "yule mdogo".

Sasa huyu mama maisha yake yote ni kutafuta babu zake wa Ireland. Babu ya babu yake anaitwa Patrick, amezikwa Saint Paul, na jiwe la kaburi linasema tu alizaliwa Ireland. Kaunti hakuna, kijiji hakuna. Halafu nasikia huko kwao vitabu vya kuhesabu watu wa zamani viliungua karibu vyote, na akina Patrick wa ukoo huo ni wengi kama akina Kamau wa Kiambu. Amesaka miaka na miaka. Anapata Patrick mmoja, anafurahi wiki nzima, kisha anagundua huyo alikufa mtoto ama alienda Australia. Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa namchemshia chai namsikiliza. Mwishowe akachoka, akachagua Patrick mmoja wa kaunti ya Cork huko Ireland, mwana wa James, akatangaza kwamba ndiye.

Kiangazi familia yote ikakutana Anoka, kwa bustani ya kando ya mto. Akafunua ubao mkubwa umechorwa mti wa ukoo. Juu James, chini yake Patrick, watoto wa Patrick, mpaka wajukuu wa siku hizi. Nikadhani ni wote. Hata mbwa wao aliyekufa amechorwa amelala kwa mizizi. Mtoto wangu akakimbia, akaona Nora, akaweka kidole hapo akaniambia kwa Kiingereza kwamba huyo ni yeye. Mama mkwe akatoa kile kidole polepole. "Hapana mpenzi, huyo ni mimi. Wewe nafasi haikutosha."

Nikamuuliza mbele ya watu, "Mum, na mbwa alitoshea?"

Akacheka. "Usikasirike. Huu ni mti wa damu, wewe hauwezi kuelewa."

Mume alikuwa anageuza nyama kwa moto, akaniambia, "Achana na yeye, ni mzee." Nikaachana na yeye kwa mdomo. Kwa roho sikuachana.

Alisema damu, si ndio? Nikaagiza vile vipimo vya mate vya DNA, vinavyokuonyesha jamaa zako, nikapima mume na mtoto. Mama mkwe mwenyewe hukataa, husema mate yake hayaendi kwa kampuni ya mtu. Mume aliniachia mambo yote, yeye yuko barabarani, hata matokeo hajauliza. Na matokeo yalituletea nyanya mmoja wa Mayo, huko huko Ireland lakini mbali sana na Cork, damu moja na mtoto wangu. Tukaongea kwa video. Akaniambia kwao kulikuwa na Patrick wa ukoo huo huo aliyeenda Saint Paul kazi ya reli.

Mimi kuna kitu kilikuwa kimenisumbua kwa ule ubao. Wavulana wa Patrick walikuwa wengi, wa kwanza ni Daniel, na hakuna hata mmoja anaitwa James. Kwetu ungeshangaa, mtu amemtupa baba yake aje? Nikamuuliza yule nyanya, "Baba ya Patrick wenu aliitwa nani?"

"Daniel," akasema. "Zamani huku mvulana wa kwanza alipewa jina la baba ya baba. Wewe umejuaje?"

"Hata kwetu ni hivyo."

Tukacheka sana. Akaomba nimlete mtoto karibu na simu. Akamwangalia, akasema, "Nora, una paji la dada yangu." Nora. Alimwita kwa jina.

Sasa mama mkwe amekata tiketi ya Cork na dada zake. Amechongesha jiwe zuri, waliweke kwa kaburi la James, kasisi aombe. Jumapili aliniita nimsaidie kupanga sanduku. Nilikunja blauzi zake moja moja nikitabasamu. "Utaniangalizia maua?" akauliza. "Bila shaka, Mum." Dada zangu, sijawahi kusikia utamu kama huo. Nililifunga lile sanduku nikijua anaenda kupiga magoti kwa mtu asiyemjua, na babu yake wa kweli niko naye kwa simu yangu.

Siku moja nitampeleka Nora wangu Mayo, yule nyanya anatungoja. Hilo nimeshapanga.

Wenye mtaniambia nisamehe, asanteni, mmeandika bure. Mimi naomba shauri moja tu, na nyinyi wenye mama wakwe mtanielewa. Nimwambie kabla hajapanda ndege, ama nimwache kwanza alie?