Nilimkaribisha Mama Mkwe Kwenye Safari Yetu ya Kupiga Mbizi kwa Heshima Tu, Akakubali

Admin, jina langu liweke mbali kabisa, maana mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Batsinda hapa Kigali. Nilikulia Mwanza, wazazi wakaturudisha Rwanda nikiwa binti mkubwa. Nina miaka tisa kwenye ndoa na mtoto mmoja wa kike. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, ukuta wa katikati mwembamba, na kwa miaka sita mama mkwe analala upande wa pili na mjukuu wake. Mimi na mume wangu tunaongea kwa kunong'ona. Hata tukigombana, tunagombana kwa kunong'ona. Na mama si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu sina hata la kumlalamikia.

Mwaka juzi niliona video ya watu wanapiga mbizi Madagaska, na mitungi ya hewa mgongoni, kimya, samaki wanapita. Nikamwonyesha mume wangu. Akacheka, kisha akaangalia tena. Tukaanza kupanga. Siku tano za kujifunza kuzamia, siku nne porini kwenye msitu. Kila kitu cha bei ya chini: msimu ambao watalii ni wachache, ndege ya kuunganisha mara mbili, kupika wenyewe, hema la kuazima la watu wawili. Mume wangu aliogopa maji tangu utotoni, lakini kila Jumamosi tulikwenda bwawa moja la Remera, na wiki tatu za kwanza alishika ukingo tu kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Sasa anaogelea. Sijawahi kumpenda kama siku aliyoachia ule ukingo.

Mtoto alikuwa abaki na bibi yake. Ndivyo tulivyokubaliana.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumapili moja mchana, tukiwa mezani, nilimweleza mama kwamba tumepata nafasi na tarehe tumeshaijua. Akanyamaza anachambua mbegu za maboga. Kile kimya kikanibana, nikasema, "Mama, karibu, twende wote." Nyie mnajua ile karibu. Nilivyolelewa, hata ukiwa na kipande kimoja cha muhogo, mtu akipita unamkaribisha, naye anajibu asante nimeshiba, maisha yanaendelea. Ulimi hauna mfupa.

Mama akaweka mbegu chini, akaniita mkwe wake kwa Kinyarwanda, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Yego, mukazana wanjye. Mimi iko tayari. Tunaenda."

Mume wangu alikohoa mpaka nikampigia mgongo.

Nikadhani ni mzaha. Wiki iliyofuata alikwenda kuomba pasipoti. Ana miaka sitini na nne na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Akarudi kutoka soko la Nyabugogo na koti la mvua la mtumba, raba za plastiki, na sufuria kubwa, kwa sababu nilisema tutapika wenyewe. Kina mama wa kanisani wakaja sebuleni kuiombea safari. Mtoto ameshamtafutia pa kukaa, kwa wifi yangu mkubwa. Nikamwambia, "Mama, kule watu wanazama chini kabisa." Akajibu, "Miye hapana ingia. Miye itakaa kwa mashua, itashika viatu yenu." Kisha akaniuliza kwenye hema atalala upande gani.

Nikamwomba mume wangu aongee naye. Ni mama yake. Akanong'ona, "Wewe ndiye ulimkaribisha. Mimi nitaanzia wapi?" Akageukia ukutani. Jamani, niliumia. Miaka tisa mimi ndiye wa kusema kila neno gumu ndani ya nyumba hii: la shule, la mwenye nyumba, la ndugu zake. Safari hii ilikuwa mahali pekee ambapo tungesema kwa sauti ya kawaida, na nimekuwa naisubiri hiyo sauti yake kuliko hao samaki.

Basi nikaamua kudanganya. Jumamosi iliyopita nikamfuata mama kwenye kamba ya nguo, niseme kwamba wenye mashua hawapokei watu wa umri wake. Nilikuwa nimefika kwenye "Mama, wale watu wamesema..." akanikatiza, huku anaanika shuka.

"Mukazana, wewe ulisema karibu kwa heshima tu. Miye nilijua siku ileile."

Nikaokota kibanio kilichoanguka, nikampa.

"Tangu miye iko mtoto, watu wanasema karibu, miye nasema asante, nimeshiba. Kwa mama mkwe yangu, kwa jirani, kwa harusi. Mara mingi miye iko na njaa. Sasa nimechoka. Nilisema, mara moja tu, acha nikubali." Akabana kibanio cha mwisho. "Kama hutaki, niambie, nitabaki na mtoto, sitakasirika. Lakini sema wewe, usisingizie wenye mashua."

Nikamwambia ngoja nikageuze maharage, nikaingia jikoni. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira, na nilipopita nikaona ameizima sauti ya televisheni. Alisikia yote. Na mimi sijampa mama jibu mpaka leo.

Koti la mvua limetundikwa mlangoni kwake. Ijumaa lazima tutume idadi ya wasafiri.

Ndugu zangu, sitaki matusi, nimechoka vya kutosha. Nikimwacha, nitakuwa mtu aliyemrudishia njaa yake. Nikimchukua, nitanong'ona hadi ndani ya msitu wa Madagaska. Nyie mliowahi kusema nimeshiba na tumbo tupu, nishaurini: niandike wawili, au watatu?