Shemeji na tairi zake za lami

Leo shemeji yangu Bakari ametuaibisha mbele ya Tanga nzima.

Mashindano ya pikipiki yalikuwa kwenye vumbi, huko shamba la mkonge. Wenzake wote walifunga tairi zenye meno.

Yeye kaja na zile zile za lami anazoendea kazini kila siku.

Nikamwonya. Akanijibu, "Tairi ni tairi, bwana."

Tena, kwa kuwa ni Idd, alikuwa kazipaka mafuta ya nazi ili zing'are.

Hebu niambieni, mtu mzima mwenye akili zake hupaka tairi mafuta?

Kona ya kwanza tu akateleza, akaja kulala miguuni pa mama yangu, yaani mkwewe.

"Shikamoo mama," akasema, vumbi tele mdomoni.

"Marahaba. Mafuta hayo ungeniletea mie nikakaangia samaki."