Ulimi Uliopima Dawa

Nilikuwa Segera nanunua machungwa simu ilipoita. Mpigaji alikuwa mdogo wa rafiki yangu niliyesoma naye kidato cha tano na sita. Alinisalimu kwa kirefu, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, akarudi tena kwenye ya watoto, nami nikajua kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Kwetu habari njema haizunguki hivyo. "Kaka ametutoka alfajiri," akasema. "Tunamzika leo hii, Kwamsisi." Nikamwachia muuzaji machungwa yake nikaondoka, lakini sikuwahi. Nilifika kaburi limeshamwagiwa maji.

Tulisoma Korogwe, mchepuo wa sayansi. Wasomaji wangu waliopita maabara za wakati wetu wanaikumbuka pipeti, ule mrija wa kioo wa kuvutia tindikali kwa mdomo, ukiomba Mungu uache kabla haijakufika midomoni. Sisi wengine tulivuta kwa woga. Yeye alivuta huku akitutazama, na siku moja tindikali ikampita ikamfikia ulimi. Akatema, akasukutua, kisha akatangaza kwamba imezimuliwa mno, mwalimu katupunja. Mwalimu kwa hasira akaipima upya, akakuta ni kweli. Darasa zima lilishangilia, na mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Makofi yale yananiuma leo.

Chuo hakwenda. Baba yake aliugua, ikabidi rafiki yangu arudi kijijini kulima mahindi, na nilidhani kemia yake imeishia hapo. Kisha viwavi wakaanza kumaliza mashamba, dawa za kupulizia zikajaa madukani, na za bandia zikajaa pamoja nazo. Mtu anapiga dawa asubuhi, jioni viwavi wanatembea kama vile wamenyweshwa uji. Hapo ndipo ulimi wake ulipopata kazi. Alidondosha tone kwenye kidole, akagusisha ulimini, akatema. Ikiwasha na kutia ganzi, ni dawa. Isipowasha, umeuziwa maji ya rangi. Watu walimfuata kwa baiskeli na pikipiki kutoka vijiji vya mbali, chupa mkobani. Msimu mmoja nilimtembelea, nikamkuta yuko kwenye chupa ya nne hata chai hajanywa. Mikono ilimtetemeka mpaka kikombe kikawa kinagonga kisahani.

"Unajiua, ndugu yangu," nilimwambia.

"Nisipoonja, watamwagia shamba zima maji, halafu wale nini? Wewe una njia nyingine?"

Nikanywa chai yangu.

Hospitali walisema ini. Kama ni zile chupa au si zile chupa, hakuna aliyetamka, na mimi si daktari.

Siku ya hitima, baada ya dua na chakula, mama mmoja mtu mzima alimpa pole mjane, kisha akaja kukaa mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyesoma na marehemu?"

"Ni mimi."

"Darasa moja? Mambo yaleyale ya madawa?"

Nikaitikia, tena kwa fahari kidogo. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa chupa. "Basi nionjee. Viwavi wameshaingia kwenye moyo wa mahindi, na muonjaji wetu ndiyo huyo tumemzika."

Nikaanza kueleza habari za nembo, za risiti, za wataalamu wa kupima. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hao wataalamu watanijibu lini?"

"Baada ya siku kadhaa, mama."

"Na viwavi watasubiri?"

Mdogo wake marehemu, yule aliyenipigia simu, akainuka, akanyoosha mkono. "Lete, mama." Akadondosha tone, akagusisha ulimi, akageuka pembeni akatema. Hakukunja uso. Niliona wazi kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Mama akamuuliza kama inawasha, naye akaitikia kwa kichwa, maana ulimi ulikuwa umeshakufa ganzi. Mjane akainuka, akaingia ndani.

Safari hii sikupiga makofi, lakini sikuwa na jibu vilevile. Sisi tuliosoma tumewaambia wakulima mara nyingi kwamba sumu haionjwi, na wanajua; aliyekuwa anajua kuliko wote ndiye tuliyemzika. Hatujawapa kitu cha kushika badala ya ulimi wa mtu, na mpaka tuwape, mahubiri yetu hayana faida shambani. Nimeanza kuulizia, naandika barua, nasumbua watu maofisini. Wananiambia nisubiri. Na tangu nirudi, kila nikiona namba ya yule kijana kwenye simu naipokea haraka, nikiomba aniambie shida yake moja kwa moja. Akianza tu kuuliza hali ya watoto, mwili unanisisimka.