Meli Iliyogeuka Kanisani

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne, asubuhi ya Jumamosi moja, tulikuwa watu watano ndani ya kanisa la misheni ya Ihanga, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Nitawataja kwa majina, kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisimulia habari za "mzee fulani" na "mama mmoja", na wale walikuwa na majina. Alikuwapo Misi Inger Toft, mwalimu wetu, mwenyeji wa Denmark. Alikuwapo Elia Luvanda, aliyepiga kengele na kutunza ufunguo wa kanisa. Alikuwapo bibi yangu mzaa baba, Maria Mgaya, ambaye Jumamosi ile ilikuwa zamu yake ya kufagia. Alikuwapo Yeremia Mgaya, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyenizidi miezi minne tu, lakini kwa desturi ilinipasa kumwita kaka. Na nilikuwapo mimi, Zakaria Mgaya. Tulikuwa tumekuja kuifuta vumbi meli.

Ilikuwa meli ya mbao, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye milingoti mitatu na matanga ya kitambaa kilichokakamaa. Ilining'inia katikati ya kanisa kwa waya mmoja kutoka kwenye boriti. Baba yake Misi Toft, seremala wa meli, ndiye aliyeichonga, naye bintiye akaja nayo ndani ya sanduku lenye nyasi kavu. Ubavuni iliandikwa jina: Maren. Misi alituambia kwamba kwao, katika mji wa Skagen, ncha kabisa ya kaskazini ya nchi yao, makanisa hutundikwa meli kama hizo. Ni shukrani ya mabaharia waliorudi salama, na ni ukumbusho wa wasiorudi.

Sisi hatukuwa tumeona bahari. Tulikuwa watu wa milima, ukungu na viazi. Maelezo ya Misi tuliyasikia, lakini kila mmoja aliyapokea kwa namna yake, na bibi yangu aliyapokea hivi:

"Kitu cha kubeba watu hakitundikwi juu ya vichwa vya watu bure. Kile kinangoja abiria."

Bibi hakuwa mtu wa kupiga kelele, na pengine ndiyo maana aliaminiwa. Mwaka uliotangulia, omo ya meli, ambayo sisi tuliiita pua, iligeuka kutoka madhabahuni ikaelekea benchi la tatu upande wa wanawake, alipokuwa anakaa mke wa Petro Kilasi. Yule mama akafa kabla ya mavuno. Tangu hapo wanawake wakawa wanaingia kanisani huku wametazama juu kwanza, na lile benchi la tatu likawa halina mtu hata siku ya Krismasi. Misi Toft alidhani ni kwa sababu ya upepo wa mlangoni.

Basi Jumamosi ile Elia alishika ngazi, Yeremia akapanda, akafuta matanga kwa kitambaa chenye maji. Alipomaliza akaiachia. Meli ikazunguka mara moja, ikazunguka tena polepole, ikawa kama inatafuta. Kisha ikasimama. Pua yake ilikuwa inanielekea mimi.

"Zaka, umeitwa!" Yeremia akacheka kutoka juu ya ngazi. "Kachukue blanketi lako, huko kwa Misi kuna baridi!"

"Nyamaza," Elia akamwambia. "Hapa ni nyumba ya Mungu, si gulioni."

Nilihama, nikaenda kusimama karibu na kinanda. Yeremia akashuka, akaja pale nilipokuwa nimesimama, akaikabili meli, akapiga saluti kama askari wa Mfalme. "Haya, mimi nipo. Mbona haiondoki? Kaka yako anaogopa meli isiyo na maji? Hapana. Ni mdogo wangu anayeogopa."

Misi Toft alitabasamu, kwa kuwa alidhani ni mchezo wa watoto tu. Bibi aliuweka ufagio chini. Tulipotoka nje alinishika mkono, akaniambia jambo moja tu: "Usipande chombo chochote mpaka ile imegeuka."

Leo najua waya uliosokotwa hujisokotoa, na kitu kinachoning'inia juu yake hugeuka hadi waya utulie. Niliwafundisha watoto jambo hilo kwa miaka thelathini, kwa kamba na jiwe. Lakini sikulijua Jumamosi ile, na nilipolijua halikunisaidia.

Miezi mitatu baadaye Misi Toft aliniita barazani kwake. Alizungumza Kiswahili safi, kila neno peke yake, kama mtu anayepanga vikombe.

"Zakaria, mwezi wa saba ninakwenda nyumbani. Usharika wetu kule Skagen umekubali kumpokea mvulana mmoja. Atakaa kwa ndugu zangu, atajifunza ufundi, kisha atarudi. Wewe ni wa kwanza darasani. Unataka?"

Nilitaka. Lazima niliandike hilo. Nilikuwa nimetaka tangu siku ya kwanza alipotuchorea ubaoni kanisa la kwao lililofukiwa na mchanga, mnara wake tu ukitokeza. Lakini kabla sijafungua mdomo niliiona akilini ile pua ya meli.

"Bibi amekataa," nikasema.

Bibi hakuwa ameulizwa.

"Pole," Misi akasema. "Basi, nani?"

"Yeremia. Yeye anapenda sana."

Yeremia hakuwa ameulizwa pia. Lakini alipoulizwa alifurahi hata akashindwa kula, na mama yake, mama mkubwa Rakeli, akaimba siku mbili. Yeremia aliondoka na Misi Toft kwa lori hadi kituo cha reli, na kutoka hapo hadi bandarini. Alikuwa amevaa koti langu, kwa sababu lake lilikuwa na tundu kiwikoni.

Niliporudi nyumbani kutoka kumuaga, bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuniangalia.

"Ilitaka Mgaya mmoja," akasema. "Meli haisomi majina."

Yeremia aliniandikia barua tatu. Ninazo hapa Bankstown, kitongoji cha Sydney, Australia, ndani ya Biblia, na naweza kuzisema bila kuzitazama. Katika ya kwanza alieleza nyumba: zote zimepakwa rangi ya manjano, mapaa ya vigae vyekundu, na kingo za mapaa zimechorwa nyeupe kama pindo la gauni. Alieleza pia taa ya zamani ya mabaharia. Ilikuwa kikapu cha chuma chenye makaa ya moto, kikiinuliwa juu kwa mti mrefu unaoinamishwa upande mmoja, ili meli zisiparamie mchanga.

Katika ya pili alikuwa amekwenda kuliona lile kanisa lililofukiwa. Mnara umesimama peke yake, mweupe, katikati ya vilima vya mchanga. Aliambiwa kwamba zamani, kila Jumapili, waumini walikuja na majembe kuuchimba mlango ndipo waingie. Wakachimba miaka, kisha wakachoka, wakafunga. Mnara waliuacha kwa ajili ya watu wa baharini. "Zaka," aliandika, "mchanga ulikuja kidogo kidogo. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema, leo ndipo limefukiwa."

Ya tatu ndiyo iliyonishinda. Alikuwa ametembea hadi mwisho wa nchi, kwenye ulimi wa mchanga ambapo bahari mbili zinakutana. Mawimbi yanatoka huku na yanatoka kule, yanapigana vichwa, wala hayachanganyiki kwa upole. Wageni huja kutoka mbali ili kusimama pale, mguu mmoja katika bahari hii, mguu mwingine katika ile. Naye alisimama hivyo. Kisha akaandika:

"Misi ameniambia nafasi hii ilikuwa yako. Sikujua. Kaka yako anakuuliza, ulinipa kwa kunipenda au kwa kuogopa? Nijibu kweli. Sitakasirika. Hapa nina baridi na nina upweke, na nataka kujua kama nilitumwa au nilitolewa."

Sikumjibu. Nilianza mara nyingi. Niliandika tarehe, niliandika "Mpendwa kaka Yeremia", halafu nilikumbuka kwamba kalamu nina kazi nayo nyingine. Nikaenda chuo cha ualimu. Uhuru ukaja. Nikaoa, nikahamishwa shule nne. Mama mkubwa Rakeli alikuwa akinisimamisha njiani: "Mwanangu, yule wa maji amekuandikia?" Nikasema bado. Lilikuwa jibu la kweli, kwani hakuandika tena. Yeremia alikuwa anangoja jibu langu. Mama mkubwa alizikwa akiamini kwamba meli ilimla mwanawe. Sikumwambia nani aliyemsogeza mwanawe mbele ya ile meli.

Misi Toft alirudi mara moja tu, peke yake, akastaafu, akaondoka. Meli ya Maren ilishushwa paa la kanisa lilipobadilishwa, na hakuna anayejua ilikopelekwa.

Sasa nina umri ambao watu hunishika kiwiko ninapopanda ngazi. Mke wangu alipofariki, binti yangu Tumaini, ambaye ni muuguzi hapa Sydney, alinileta niishi kwake. Nikapanda ndege, nikavuka bahari yote ile nikiwa nimefumba macho. Wanafikiri ninaogopa ndege.

Mkwe wangu Baraka, mzaliwa wa Bukavu, huendesha lori la makontena kule bandari ya Port Botany. Siku za mapumziko yangu, ambazo ni zote, hunichukua wakati mwingine hadi mahali ambapo meli huonekana, nami husoma majina yake na bandari zake zilizoandikwa nyuma. Mwezi wa nne mwaka huu tuliona moja yenye bendera nyekundu, msalaba mweupe. Naijua bendera ile tangu utoto. Misi Toft alikuwa akizitundika, ndogo ndogo, kwenye mti wa Krismasi.

"Papa," Baraka akasema, "ile bato unaiangalia sana. Kuko ndugu yako ndani?"

Alikuwa anatania. Nilitoa leso, nikajifanya nafuta miwani.

Jioni ile nilimwambia mjukuu wangu, Neema, yaliyotokea. Yeye hunielewa vizuri, hujibu kwa lugha ya shuleni kwake. Alitafuta Skagen kwenye simu, na pale mezani, kati ya chai na mkate, ukatokea mnara mweupe mchangani, zikatokea nyumba za manjano, ukatokea ulimi wa mchanga na wageni wakiwa wameloweka miguu. Kila kitu kilikuwa mahali Yeremia alipokiweka.

"Babu, it's so beautiful," Neema akasema. "Why hukwenda?"

Swali lilikuwa lile lile, kutoka kwa mtu mwingine wa ukoo wangu. Nilimwomba karatasi.

Barua niliimaliza siku hiyo hiyo, baada ya miaka zaidi ya sitini. Ilikuwa na mistari minane. Niliandika: "Kaka, nilikutoa kwa kuogopa. Sikukupa kwa kukupenda, ingawa nilikupenda. Nilimwambia Misi uongo juu ya bibi, na mama yako nilimficha." Nikatia sahihi jina langu lote. Neema akaipiga picha, akaituma kwa ofisi ya kanisa la mji ule, na maelezo yake mwenyewe kwamba tunamtafuta mtu aitwaye Yeremia Mgaya, aliyefika huko akiwa kijana.

Wiki mbili nilikuwa natazama simu ya mtoto kuliko mwenyewe anavyoitazama. Katika siku hizo nilifikiri sana juu ya bibi. Nilikuwa nimemlaumu maisha yangu yote kwa kunitia hofu. Lakini bibi alinikataza mimi kupanda; hakuniambia nimpandishe mwingine. Hofu ilikuwa ya kijiji kizima, uongo ulikuwa wangu peke yangu. Na ile meli, kama ilikuwa inaita kweli, haikukosea mtu. Nimo ng'ambo ya maji, mjukuu wangu ananijibu kwa lugha ya wengine, na kaburi la bibi yangu linapaliliwa na watu nisiowajua. Ilingoja tu.

Jumanne jibu likaja. Karani wa kanisa alikuwa ameipeleka barua kwa familia, na aliyetujibu ni binti wa Yeremia. Jina lake ni Maria, jina la bibi yetu. Anasema baba yake alikuwa seremala wa mashua hadi alipostaafu, na kwamba alikuwa na koti moja la zamani ambalo hakuruhusu litupwe. Anauliza barua yangu inasema nini, kwani yeye hakufundishwa Kiswahili. Bado sijamjibu.

Yeremia Mgaya alifariki Skagen mwezi wa pili mwaka huu.