Mcheduara Ulionuka Ulanzi

Siku hizi nafundisha Mbeya mjini, na likizo ikifika tunaitwa semina ya ubunifu darasani. Tunagawiwa manila na kalamu za rangi, tunanyweshwa soda, kisha kijana mmoja mwenye suti ya kubana anatueleza kwamba ili mtoto aelewe hesabu lazima azishike kwa mkono. Naitikia kwa kichwa kama wenzangu. Moyoni nacheka peke yangu, maana mimi nilishazishika hesabu mpaka zikaninukia kwenye nguo, na nusura zinifukuzishe darasani.

Ilikuwa Iringa, kituo changu cha kwanza cha kazi, kijiji kimoja cha Mufindi karibu na njia ya malori ya magogo yanayokwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Nilikuwa binti mbichi kutoka chuoni. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mvua na ndizi nimezaliwa navyo, lakini baridi ya kule ilinitia adabu. Watoto walifika asubuhi ndani ya makoti ya kaka zao, wananiamkia "Shikamoo madam" huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Wakati ule nililalamika kila siku. Leo ningetoa nini nisimame tena kwenye ule ukungu, nisikie kengele ya rimu la gari ikigongwa!

Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa hata kwenye tope. Alianza kazi shuleni pale akiwa kijana, akahamishwa, akarudi kuwa mkuu, na kote alikopita alifundisha hesabu. Darasa la Saba hakuwa amewahi kumwachia mtu. Aliponikabidhi, alinipa chaki na fimbo kwa pamoja.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akaniambia.

Chaki nikaichukua. Fimbo nikaiacha mezani kwake. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Haya, tutaona. Ukishindwa, darasa nalirudisha kwangu."

Tangu siku ile nilikuwa na hofu moja tu, kunyang'anywa darasa lile. Niliwapenda wale watoto haraka mno, kama mtu anayependa nyumba ya kupanga. Na tena nilijua yatakayowapata wakirudi kule kwenye fimbo.

Tatizo ni kwamba hesabu walizijua kama wanavyoijua Baba Yetu. Ukiuliza ujazo wa mcheduara, darasa zima linaimba: pai, mara nusukipenyo, mara nusukipenyo, mara kimo. Sauti nzuri kabisa, utadhani kwaya. Siku moja nikawaambia, "Haya, nionesheni mcheduara." Wakatazamana. Mwishowe msichana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, akanyoosha kidole kwenye picha niliyoichora ubaoni. Kwao mcheduara ulikuwa kitu kinachoishi ubaoni na kufutwa saa ya mapumziko. Niliumia, na mimi nikiumia nakasirika. Nikawaambia kila mtu akatafute mcheduara nyumbani kwao, kopo, bomba, chochote.

Makopo huko hayakuwa mengi. Kesho yake yule msichana pekee ndiye aliyekuja na kitu, kipande cha mwanzi kilichozibwa chini na pingili yake, kikavu, cheusi kwa moshi. Wenyeji wanakiita mbeta, ndicho chombo cha kukingia ulanzi. Nikakinyanyua juu kama kombe la mpira. Nikawaambia, "Mmeona? Kesho kila mtu aje na mbeta. Atakayeleta kubwa kuliko wote tunampigia makofi darasa zima!"

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, katikati ya masika.

Mtu yeyote wa pale angeniziba mdomo. Masika ndiyo msimu wa ulanzi. Machipukizi ya mianzi yanakatwa ncha, na chini ya kila ncha inaning'inizwa mbeta ikinge utomvu tone kwa tone, mchana na usiku. Mbeta zilizokaa ndani ya nyumba wakati huo ni mbovu au zimepasuka. Nzuri zote ziko mianzini, kazini. Watoto nao walitaka makofi. Wakaamka kabla ya wazazi wao, wakaingia mianzini, wakazitungua.

Darasa halikuwahi kuchangamka kama siku hiyo. Nilidhani ni ubunifu wangu, kumbe wengine walikuwa wamekunywa njiani kilichokuwamo. Mbeta zilijaa juu ya madawati, tukapima kimo kwa rula, mdomo kwa uzi, na mimi nimelowa ulanzi mpaka kwenye mikono ya sweta. Harufu ilikwenda mpaka ofisini. Mkuu akatokea mlangoni, akavuta pumzi mara moja.

"Mwalimu! Hapa ni darasani au kilabuni?"

Nikaanza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono. "Jumatatu darasa hili nalichukua mwenyewe."

Sikupata hata nafasi ya kulia, maana nyuma yake wazazi walikuwa wanapanda kilima. Mbele alikuwa baba yake yule msichana, kisu cha kugemea bado mkononi. Kwa kawaida mzee huyu alikusalimia "Kamwene" mpaka ukachoka kuitikia. Siku hiyo hakusalimia mtu.

"Mwalimu, ulanzi wetu unamwagika chini tangu alfajiri. Nani kakutuma wewe?"

Machozi yalishafika. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi kupumzisha miguu. "Yaliyomwagika hayazoleki, jamani. Ila na sisi tuambiwe, mbeta zetu mnazifanyia nini humu?"

Akajibu yule msichana, amesimama. "Tunapima, mama. Tunatafuta ipi inabeba zaidi."

Wazazi wakaguna, kisha hasira yao ikageuka ubishi, maana kumbe jambo lile lilikuwa na wenyewe. Wagema wengine hupenda mbeta ndefu, wengine pana, na kila mmoja anamcheka mwenzake. Baba yake msichana alikuwa wa ndefu. "Ndefu inabeba zaidi," akasema, "hata mtoto mchanga anajua."

"Hapana, baba. Hii fupi."

Watu wakacheka. Msichana akachukua mbili, moja nyembamba na ndefu, nyingine yenye nusu ya urefu wake lakini upana mara mbili. Akaenda ubaoni bila kuitwa. "Urefu kwenye hesabu unaingia mara moja," akasema. "Upana unaingia mara mbili. Kwa hiyo hii fupi inabeba ndefu mbili." Kisha akaona wanamtazama tu, akavuta ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Akaijaza ile fupi, akaimimina kwenye ndefu mpaka ikajaa. Akaimwaga ndefu nje, akamimina tena. Ikajaa tena, ndipo ile fupi ikaisha.

Baba yake akaweka kisu chini, akaipokea ile mbeta fupi, akachungulia ndani, akaingiza vidole kupima ukuta wake. Halafu akamgeukia mwalimu mkuu. Ndipo nilipojua kwamba alisomea darasa lile lile, mbele ya mwalimu yule yule.

"Mwalimu," akamwita kwa upole, kama mtoto anayeomba ruhusa. "Pai, mara nusukipenyo, mara nusukipenyo. Hii ndiyo ile uliyokuwa unanichapia?"

Mkuu akavua miwani. "Ndiyo hiyo."

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Mimi nilitoroka shule kwa sababu ya hii." Akaigeuza mbeta mikononi. "Na nyumbani zilikuwa zimejaa, mwalimu. Ungeniambia."

Mkuu akapita katikati ya madawati, miwani mkononi, akamwomba mtoto mmoja asogee, akakaa. Dawati lilikuwa dogo kwake, magoti yakagonga ubao. Akavaa miwani yake, akaniangalia.

"Endelea, mwalimu," akasema.