Mtu wa Bara Bwawani

Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, damu inanichemka. Nilikuwa bawabu kwenye klabu moja ya michezo huko Al Rayyan, pembeni mwa Doha, mwaka wangu wa tatu Uarabuni. Kila kiangazi klabu ilikuwa na kambi ya watoto, na safari hii walitaka wafanyakazi wa kufundishwa kuokoa watu majini. Atakayepata cheti angeondoka kwenye jua la getini, akakae kwenye kiti cha mwokoaji, ndani, penye kiyoyozi. Nikaandikisha jina.

Msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu wa Mombasa, alilisoma akacheka mbele ya watu. "Wewe mtu wa bara, maji wayajulia wapi? Nyinyi si watu wa kukimbia?"

"Boss, mimi nimezaliwa kando ya ziwa."

"Ziwa," akarudia, kana kwamba nimemtajia karai la kufulia.

Siku ya kwanza ya mafunzo nikamwongezea cha kucheka. Kwetu tunaogelea kichwa juu, kwa sababu ziwa lina viboko, na aliyezamisha uso hamwoni kiboko akija. Mkufunzi, mzungu mmoja mkali, akapuliza kipenga, akaniamuru niweke uso ndani ya maji. Kupiga mbizi naweza, lakini kuogelea uso chini, bila kuona mbele, shingo ikakataa. Kwa siku nne alinitoa majini kila mara, nikasimama kando huku wenzangu wakiogelea. Msimamizi naye hakukosa kupita, akiniita mbwa wa ziwani. Mimi, baba wa watoto wawili. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na huo mguu wake niliuombea kila usiku.

Siku ya mtihani mkufunzi mwenyewe alijifanya anazama upande wa maji marefu, kila mmoja wetu aende kumtoa. Wawili walionitangulia waliogelea vizuri, uso chini, wakafika mahali alipokuwa. Yeye alishasogea, akazama pengine. Wakabaki wanapapasa maji. Mimi nilikwenda na kichwa changu juu, nikaona alipozama, nikapiga mbizi hapo hapo, nikamleta ukingoni.

Akajifuta uso, akafungua kitabu cha mafunzo, akatusomea kwamba anayemwendea mtu anayezama ainue kichwa, macho yasimwache. Kitabu hicho alikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Siku nne nzima. Hakuniomba hata radhi, alitia sahihi cheti changu akaita mwingine.

Kambi ilipofunguliwa, msimamizi akatugawia viti. "Wewe kaa pale penye maji ya magotini," akaniambia. "Yatakutosha."

Nilichoka. Nikamuuliza, mbele ya wale wale aliozoea kuwachekesha, "Boss, na wewe mtu wa pwani, unajua kuogelea?"

Hakuna aliyecheka. Msimamizi alitazama maji, akatazama viatu vyake, akaanza kupekua karatasi. Nikampita, nikapanda kiti cha maji marefu, na kiangazi chote hakunishusha.